Sahani za Alhamisi

Alhamisi, 3 Februari 1966

Haya, Bi Mistari, karibu. Jina hilo nimekupa mimi, usilikatae, mistari unayo. Daftari mwenzako wa jalada jekundu amejaa jana, kwa hivyo wewe ni mgeni, na mgeni huelezwa nyumba aliyoingia.

Nimechoka. Hilo ndilo la kwanza. Vidole vimekunjamana kwa maji ya vyombo, kwa sababu leo ni Alhamisi, na Alhamisi kwetu ni siku ya sahani.

Mama yangu ni Bi Mwanatumu, ila mtaa mzima wamwita Maalim. Asomesha wasichana Kurani hapa chini ukumbini, miaka ishirini na sita sasa, tangu mimi sijazaliwa. Chuo chake kina wana ishirini na watatu na mtu mzima mmoja. Huyo ni Nyevu — nitamfikia. Baba alikufa nikiwa na miaka minane. Tumebaki mimi na mama, na ami Kamaludin, nduguye baba. Ami ana kwake na mkewe, lakini hapa hakufanywi jambo asipoulizwa.

Sahani ni hivi. Alhamisi chuo chavunjika adhuhuri, halafu kila mwana arudi na sahani ya kwao, imefunikwa kawa. Kaimati, visheti, vibibi, mkate wa sinia, na halwa kwa wenye nazo. Maalim lazima aonje, tena mbele ya mwana mwenyewe. Wazee wasema Maalim akionja, alichosoma mwana wiki ile chabaki kifuani. Asipoonja, chamwagika. Mwaka jana mama alikuwa aumwa na jino, akapokea sahani moja bila kuigusa. Jioni akaja mamake yule mwana, hata buibui hakuivua, auliza amekosa nini.

Basi mama huonja. Zote. Leo kumi na tisa. Ya kumi na tano nilimwona afumba macho kama mtu anywaye shubiri, na ilikuwa halwa!

Yuwachoka, Bi Mistari. Si mchoko wa kulala ukaamka nao umekwisha. Damu zake zilikatika mwaka juzi. Mwanzo alifurahi, alisema sasa hana siku ya kuacha sala wala funga ya kulipa, amekuwa kama mwanamume. Ramadhani hii alifunga yote, na sita za Shawali akamaliza juu yake. Lakini tangu damu kukatika tumbo lamjaa, miguu yabaki myembamba, na joto lampanda kutoka kifuani mpaka utosini, hadi mtandio walowa. Kiu haimwishi. Mtungi naujaza mara mbili kwa siku, na ngazi za nyumba hii ni kumi na nane.

Mwanaesha, mkewe ami, alimtazama leo akacheka. Asema, Maalim, tumbo hilo lina kazi, mwenzetu mjane watufichani? Mama akacheka pia. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 5 Februari

Leo kumetokea jambo.

Mwana mmoja alikuwa asoma Amma, akaruka aya nzima. Nzima! Mama kimya. Nikachungulia kutoka jikoni — amelala. Ameketi wima, fimbo mkononi, mdomo wazi kidogo. Wana wakaanza kubanana mbavu kwa kicheko.

Aliyemrudisha yule mwana kwenye aya aliyoiruka ni Nyevu. Nyevu ni Mgiriama, akaa Majengo, huosha nguo za watu. Kwao ni wagema, babake na nduguze wote hupanda minazi, na yeye mwenyewe aliuza tembo la mnazi mpaka aliposilimu mwaka juzi. Alikuja hapa mlangoni na miaka yake arubaini na ushei, asema ataka kuanza na alif. Ami alikataa. Mama akasema Kurani haikuteremshwa kwa watu wa Mji wa Kale peke yao, akamkalisha jamvini kati ya wana wa miaka saba. Sasa amekaribia kumaliza juzuu. Ampenda mama kama apendavyo macho yake.

Wana walipoondoka mama alilia. Hajawahi kulala darasani, asema. Nyevu akamshika goti, akamwambia hata yeye moto humshika, huamka shuka limelowa kama mtoto aliyekojoa. Wakacheka kidogo, wakaketi wapepeana, huyu na upepeo wake na huyu na upindo wa leso, kama wauza mishikaki wawili wasio na mishikaki.

Halafu mama akasema kwa sauti ndogo kwamba ubavu wa kulia wamlemea. Kama amebeba jiwe la kusagia, chini ya mbavu. Tangu Shaabani! Na hakuniambia.

Nikasema tutakwenda kwa daktari. Nikasema hivyo kabla sijafikiri.

Jumatatu, 7 Februari

Ami amekubali. Aliuliza nani atakwenda naye, kwa sababu daktari wa pale Makadara ni Mzungu mpya na Kiswahili hajui. Nikasema mimi! Nitatafsiri mimi!

Ami akanitazama. Darasa la nne, asema, ndilo lenye Kiingereza hicho?

Nikamsomea gazeti la Kiingereza lililofungiwa njugu zake. Lote, mpaka tangazo la sabuni. Akasema haya, nenda.

Silali leo kwa furaha. Mkalimani, Bi Mistari!

Jumanne, 8 Februari

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Daktari ni kijana, shingo nyekundu kwa jua. Ana sista wa kumtafsiria, mwanamke wa bara aitwa Auma, lakini alikuwa ametoka kidogo. Nikasema mimi natosha. Na nilitosha! Wapi paumwa, tangu lini, ala nini, anywa maji kiasi gani. Damu zilikatika lini — hilo nilimuuliza mama nikitazama ukuta, na mama akanijibu akitazama ukuta mwingine.

Mkojo wake wakauchemsha na dawa ya buluu ndani ya kichupa. Ikawa kijani, ikawa manjano, mwisho ikawa nyekundu ya tofali. Sukari, asema daktari. Nyingi. Nikamwambia mama. Mama akasema alhamdulillahi, angalau kina jina.

Kisha akamlaza. Mama akajifunika uso kwa mtandio. Daktari akambonyeza chini ya mbavu za kulia, mama akakaza meno. Akachora mstari kwa kalamu pale ini lilipoishia. Vidole vitatu chini ya mbavu. Limevimba, asema, halifai kufika hapo.

Akaketi. Akaniuliza mimi: je, mama yako hunywa pombe?

Bi Mistari, mama yangu alikuwa hapo, mtandio ameshaurudisha kichwani, midomo yaenda kwa dhikri. Ningelitoaje neno lile mbele yake? Mama, yuwauliza kama wewe mlevi? Hata ndotoni sithubutu. Nikainamisha macho. Ndivyo alivyonilea yeye mwenyewe: ukiulizwa jambo la aibu mbele ya mkubwa, wainamisha macho, wanyamaza.

Akauliza tena, polepole, kama azungumzaye na kiziwi. Kila siku? Nikatazama vidole vya miguu. Kwa kujificha? Huku ameshaanza kuandika.

Mama akauliza, yuwasemaje? Nikasema, auliza kama walala vizuri. Mama akasema, mwambie silali. Nikamwambia daktari halali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akitafuta.

Nilisoma kadi ikiwa kichwa chini. Ini kubwa. Sukari. Pombe, kila siku, kwa siri, binti yake aona haya kusema.

"No" moja ingetosha. Neno dogo lile, mama asingelijua hata. Hili nimelifikiri tangu adhuhuri mpaka sasa. Lakini wakati ule kichwani mwangu hakukuwa na Kiingereza. Kulikuwa na adabu tu.

Akatoa amri zake. Sukari asiguse. Samli aache, tui zito aache, wali kidogo, atembee kila siku. Na asionje tone la pombe. Nilitafsiri zote isipokuwa hiyo ya mwisho.

Njiani mama alinishika mkono. Asema, mwanangu, leo umenifaa.

Jumatano, 9 Februari

Nimekoroga uji bila sukari. Mama amekunywa akikunja uso, akasema ni adhabu ya kaburi kabla ya kaburi. Ametembea mpaka Makadara na kurudi, akasimama mara nne.

Auliza, na sahani za Alhamisi? Asema ataonja kwa ncha ya ulimi tu, mtoto asione.

Nataka kumwambia. Kila nikifungua mdomo yuwaniita nimletee maji.

Ijumaa, 11 Februari

Jana sahani ishirini. Kwa ncha ya ulimi. Nyevu alileta kaimati, na mama akala moja nzima, asema ya Nyevu haionjwi kwa hila.

Leo ami alikuja baada ya sala ya Ijumaa, na Mwanaesha nyuma yake. Mama mwenyewe — mwenyewe, Bi Mistari! — akafungua sanduku lake la mkangazi, akaitoa kadi imekunjwa ndani ya leso, akampa ami. Asema kwa fahari, hebu soma, shemeji, ujue maradhi yangu. Huyu mwanao alizungumza na Mzungu kama amezaliwa Ulaya.

Ami hufanya kazi forodhani. Kiingereza chake ni cha mihuri na karatasi, lakini hicho alichokiona alikielewa. Nilisimama na sinia ya kahawa. Niliona uso wake ukibadilika, kwanza masikio, halafu mdomo.

Mama akauliza, yasemaje?

Ami akasema ni maneno ya kidaktari. Akaikunja. Akaitia mfukoni mwake badala ya kuirudisha. Akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, ya moto vile. Halafu akauliza, kama mtu aulizaye habari ya mvua, yule Nyevu huleta nini hapa siku zote?

Mama akasema huleta kaimati, na heshima.

Ami akamwangalia mkewe, mkewe akamwangalia. Wakaondoka.

Na mimi nilikuwa nimesimama na sinia. Mwongo hasemi kitu wakati mwingine. Hushika sinia tu.

Jumatatu, 14 Februari

Wana kumi na mmoja. Jumamosi walikuwa kumi na wanane.

Huyu ana homa, yule amepata mgeni kutoka Lamu, huyu mamake amesema apumzike kidogo. Homa ya mtaa mzima kwa siku moja! Mama amewaombea wote dua, kila jina.

Nilikwenda kwa Mwanaesha, mlango wa pili, nikajifanya naazima mbuzi ya kukunia nazi. Nikamuuliza kwa nini watu wanitazama vile. Akasema yeye neno amelisema kwa mtu mmoja tu, tena kwa huruma, na yule mtu aliapa hatalitoa. Akasema pia hamlaumu Maalim. Mjane, upweke, na shetani hapigi hodi. Wa kulaumiwa ni yule aliyemletea. Kaimati gani hizo kila Alhamisi, zimefunikwa kawa, kutoka nyumba ya wagema?

Nikasema si kweli.

Akaniuliza, wajuaje?

Bi Mistari, alinitazama moja kwa moja. Nilichukua mbuzi nikaja zangu.

Nyevu naye amekuja leo kama kawaida, ameketi mahali pake. Jamvi tupu pande zote mbili. Baadaye jikoni akanieleza kwamba pale Makadara vijana wa genge la chai wamemwuliza chupa ya Maalim leo ameificha wapi, chini ya kawa au chini ya leso. Alidhani wanamtania kwa sababu ya kwao. Amezoea. Akaniuliza kama mimi nimesikia lolote.

Nilikuwa nakuna nazi. Niliikuna mpaka nikafika kifuu.

Jumatano, 16 Februari

Nimekuwa nje ya mtaa peke yangu leo, kwa mara ya kwanza tangu Idi. Nilivaa buibui nikasema nakwenda kununua uzi.

Kwanza nilikwenda Mwembe Tayari. Kuna mzee hupanga vitabu vikuukuu chini, kando ya mabasi ya bara. Kuna kimoja cha udaktari, hakina jalada, nimekuwa nikikisoma kwa kuiba miezi mingi, yeye hajali. Nilitafuta ini. Maneno marefu, lakini nikayatafuna moja moja. Ini hujaa mafuta, chasema. Kwa walevi. Na kwa watu wenye sukari, na watu walionenepa. Na! Hiyo "na" niliisoma mara sita nikiwa nimechuchumaa, watu waniruka na mizigo.

Nikaenda mbio mpaka kliniki. Daktari hayuko mpaka wiki ijayo, amekwenda Malindi, lakini sista Auma alikuwapo, akunja bendeji. Ni mwanamke mkubwa, umri wa mama karibu, naye pia alikuwa na gazeti la kujipepea. Nikamwambia yote. Yote, Bi Mistari, hata habari ya vidole vya miguu. Kumwambia mgeni ni rahisi.

Alisikiliza bila kuacha bendeji zake. Halafu akasema, na haya ni maneno yake:

"Mimi nimeona wamama kama huyo wengi. Damu ikikatika, mafuta inahama, inatoka kwa mapaja inakaa kwa tumbo. Sukari inapanda. Ini nayo inajaa mafuta yake kimyakimya. Wengine ni wake wa mapadri, hawajui hata harufu ya pombe. Hawa madaktari wapya wakigusa ini, kitu ya kwanza kichwani ni chupa."

Nikamwuliza anaweza kuandika hivyo kwenye karatasi. Akasema yeye haruhusiwi kusahihisha kadi ya daktari. Lakini daktari si mtu mbaya, akirudi ataifuta, mradi aambiwe ukweli. Na nani amwambie? Auma akanitazama. Asema, yule aliyeulizwa.

Kisha akaongeza, kama aliyekumbuka jambo dogo, kwamba mama hatapona kwa kukata sukari nyumbani kama kila wiki analishwa sahani ishirini. Hata awe Maalim. Nilitaka kumweleza maana ya sahani. Nikaona ni safari ndefu.

Nilirudi karibu nakimbia. Nilikuwa nimepanga maneno. Mama, yule daktari aliuliza jambo, mimi sikukuuliza. Basi. Mafupi hivyo.

Nikakuta ami ukumbini.

Ameshamwambia. Mama alikuwa ameketi jamvini pake, mikono mapajani, na — acheka. Si kicheko cha furaha. Kile cha mtu aliyepanda ngazi zote akaambiwa mlango ni wa chini. Asema, mimi, Kamaludin? Mimi ambaye hata siki hunusa mara mbili?

Ami hakucheka. Ami si mbaya, Bi Mistari, nataka hilo liandikwe hapo. Aogopa. Asema anamwamini, lakini kadi ni kadi, imeandikwa na daktari, na watu wamekwisha kuijua. Ameshazungumza na wazee wa wana. Kesho Alhamisi, baada ya adhuhuri, watakuja wake zao wawili watatu, na yeye atakuwa barazani. Mama aseme mbele yao neno moja tu: Nyevu si mwana wa chuo hiki tena. Watu watajua uchafu umetoka na mlango umefungwa. Wana watarudi. Jambo litakufa.

Mama akasema, Nyevu amekosa nini?

Ami akasema, hakuna aliyesema amekosa.

Mama akachukua upepeo, joto lilikuwa limempanda, shingo nzima yang'aa. Halafu akanigeukia. Asema, shemeji, wasumbuka bure. Huyu alikuwapo. Mwanakhamis, mwambie ami yako. Daktari aliuliza habari ya ulevi?

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

Nikasema sikumsikia vizuri.

Alhamisi, 17 Februari

Naandika upesi. Mikono ina maji, utaniwia radhi, karatasi yalowa.

Leo wana wanane asubuhi. Mama alisomesha mpaka mwisho, hakulala. Chuo kikavunjika. Nikafagia, nikatandika jamvi la kupokelea sahani, lile la maua. Nikaosha kijiko chake cha kuonjea.

Adhuhuri ikapita. Saa nane. Saa nane na nusu.

Hakuna sahani. Hata moja. Miaka ishirini na sita! Njiani pale husikika vicheko tangu pembeni, na kawa zikigongana. Leo nilisikia paka tu.

Mama ameketi mbele ya jamvi tupu. Akasema, haya, dawa ya daktari yafanya kazi. Sukari imekatika yenyewe. Nikataka kulia, nikaogopa ataniuliza sababu.

Wakaja wale. Ami akakaa barazani na wazee wawili, dirisha wazi. Ndani akaingia Mwanaesha na wanawake wawili, wenye wana watano kati yao. Masalkheri, masalkheri. Wakaketi upande. Hakuna aliyemwuliza mama ubavu wake waendeleaje, na miaka yote hii hawa ndio wanaomshika mkono wakilia.

Na hapo, Bi Mistari, akaja Nyevu. Na sahani.

Hakuwa amejua. Au alijua, sijui. Amevaa leso mpya, jozi nzima. Leo ndiyo siku aliyomaliza juzuu. Miaka miwili, kuanzia alif! Akatoa salamu, akapiga magoti, akaweka sahani mbele ya mama, akaondoa kawa. Kaimati. Sira yake ya sukari yang'aa, moshi watoka.

Mwanaesha akanyoosha shingo. Asema yanuka uchachu. Akaiinua sahani — ya mtu, mbele ya mwenyewe! — akainusa kama mtu anunuaye samaki. Akampa mwenzake naye anuse. Unga uliolala na hamira wanuka hivyo hivyo kila nyumba ya mji huu, hata kwake. Nyevu alitazama sahani yake ikizungushwa. Mikono yake, ile ya sabuni, ilikuwa bado imeinuliwa kama aliyeishika.

Akasema taratibu kwamba ataka kusoma kwanza, Maalim aonje baadaye, kisimwagike.

Akasoma. Sauti ya Kigiriama, herufi zake nzito. Hakukosa hata moja. Mama alifumba macho, na machozi yakamtoka chini ya kope, na ami barazani, nilimwona kidole chake kikifuata aya gotini.

Alipomaliza, sahani ikarudi mbele ya mama. Mama akashika kijiko.

Ami akasema kutoka dirishani: "Shemeji. Neno moja tu, tuondoke."

Akionja, wale hawaleti wana tena, chuo kimekwisha. Tena sira ile ndiyo ile ile aliyokatazwa, na leo uso wake una rangi ya majivu. Asipoonja, amesema kila kitu bila kufungua mdomo. Nyevu ataondoka nayo, na kila mtu njiani ataiona sahani imejaa.

Mama hakuonja wala hakukataa. Akaweka kijiko juu ya ukingo wa sahani. Akageuza kichwa polepole, akanitafuta. Nilikuwa chini ya ngazi.

Asema, "Mwanakhamis. Panda ukaniletee mas'hafu."

Mwanaesha akauliza, nani aapishwe? Nyevu?

Mama akasema, "Si Nyevu. Wala si mimi. Mle chumbani kwa Mzungu tulikuwa watatu."

Hakukasirika, Bi Mistari. Ndilo lililonivunja. Aliniangalia kama aniangaliavyo nikikosea aya, akingoja nijirudi mwenyewe. Sijui tangu lini ajua. Pengine tangu jana. Pengine tangu siku ile ile, alipoona nimeulizwa mara tatu na nikamletea swali moja la usingizi.

Nikasema sina udhu, nikatie kwanza. Hiyo ndiyo nafasi niliyoiiba. Mas'hafu hayashikwi bila udhu, hakuna awezaye kunihimiza. Nimetia udhu mara mbili. Sasa nimekaa ngazi ya juu kabisa, mas'hafu yako kwenye marfaa yake hapa ubavuni, sijayagusa, na penseli i mkononi.

Nikisema, nitalitaja lile neno mbele ya mama, mbele ya wazee, na watajua kwamba aibu yote hii haikutoka kwa Nyevu wala kwa Mzungu. Imetoka kwa mtoto wa Maalim, aliyefundishwa na Maalim. Watasema, wake mwenyewe amemlea hivyo, wetu atawalea vipi? Nikinyamaza tena, Nyevu ataondoka na lawama isiyo yake, na ngazi ni kumi na nane tu, na wote wataniona nikishuka.

Chini sira yaganda. Nasikia upepeo wa mama, halafu nausikia umesimama.

Yuwaniita. Mara moja tu, kwa jina langu lote.

Bi Mistari, wewe una mistari iliyonyooka. Ungekuwa wewe hapa juu, ungefanyaje?